Upinzani Hulishwa kwa Mechi: Niliyojifunza kwa Kufuatilia Kriketi Nikiwa Mwanza

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa mfuasi wa kriketi katika jiji ambalo karibu kila mtu anazungumza soka, na katika muda huo imani moja imenikaa moyoni kuliko nyingine zote: timu ya taifa haikuzwi na siku moja ya ushindi mkubwa, bali hukuzwa na kukutana na wapinzani wake mara kwa mara, kwake na kwao, hata kama mara nyingi katika kukutana huko itashindwa. Naiandika imani hii kwa sababu mashabiki wenzangu wa ukanda wa Ziwa, wachache kama tulivyo, hubishana usiku kucha juu ya nani bora kati ya mchezaji huyu na yule, ilhali jambo linaloamua hatima ya timu zenyewe, yaani ratiba, hupita bila mtu kuligusa.

Mchezo huu niliufahamu kazini. Nilianza kama kibarua wa kupakia na kupakua mizigo katika duka la vifaa vya ujenzi katikati ya mji, upande wa Makoroboi, na mwenye duka alikuwa mtu wa asili ya Kigujarati ambaye familia yake ilifika Usukumani enzi za biashara ya pamba. Sisi vibarua tulimwita Mzee, naye alituita vijana wake. Juu ya kaunta aliweka runinga ndogo, na siku za mechi za India biashara iliendelea kama kawaida, isipokuwa bei alizitaja bila kugeuza shingo. Nilipomwuliza kwa nini watu wawili wanakimbia huku na huko katikati ya uwanja wakiwa na magongo mkononi, alichukua misumari, akaipanga juu ya kaunta, akanionyesha wiketi mbili, wapigaji, mrushaji, mlinda wiketi na wale wanaotawanyika kuuzuia mpira. Akanieleza kwamba mrushaji akirusha mipira 6 ova inakamilika, na kwamba mpigaji akishatolewa nafasi yake katika zamu hiyo imekwisha, na kutolewa huko nako huitwa wiketi. Nilipotaka kuendelea kuuliza, aliniambia, "Kijana wangu, kaa kwanza utazame ova kumi, halafu ndipo uniulize jingine."

Bahati yangu ni kwamba nilianza kutazama karibu na Kombe la Dunia la 2003, lililoandaliwa na Afrika Kusini pamoja na Zimbabwe na Kenya. New Zealand ilikataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, na pointi zikapewa Kenya bila jasho, jambo ambalo wengi walilitumia baadaye kuidharau safari yote ya Wakenya. Lakini Sri Lanka ilikwenda. Tarehe 24 Februari 2003, Kenya ilipiga mikimbio 210 kwa kupoteza wiketi 9, alama ambazo kwa timu yenye wapigaji wa Sri Lanka zilionekana kuwa kazi ya mchana mmoja tu. Kisha akaja Collins Obuya, mrushaji wa spini ambaye mpira wake ulipinda kiasi cha kuwafanya wapigaji wazoefu wacheze hewani, akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, na Sri Lanka nzima ikatolewa kwa 157. Mwenzangu wa kazini, Mjaluo wa Shirati, hakuwa ameijali kriketi hata siku moja kabla ya hapo, lakini aliposikia Obuya, Odoyo, Odumbe, Ongondo yakitajwa mmoja baada ya mwingine, aliweka chini mfuko wa saruji na kusogea karibu na kaunta. Wale walikuwa watu wa majina ya kwao. Kwa mara ya kwanza nikaona mchezo ule, ambao mjini kwetu uliitwa mchezo wa Wahindi, ukiwa na wenyewe kutoka pwani hii hii ya ziwa.

Kenya iliwashinda pia Bangladesh na Zimbabwe, na ilipokutana na Australia pale Durban, ingawa ilishindwa, Aasif Karim, mtu wa miaka 39 ambaye alikuwa ameshaustaafu mchezo kabla ya kuitwa tena, alirusha ova 8 na mipira 2 na kutoa mikimbio 7 tu huku akichukua wiketi 3. Mzee aliizungumzia spini ile kwa wiki nzima. Nusu fainali ya tarehe 20 Machi ilikuwa dhidi ya India, na duka liligawanyika: yeye upande wake, sisi vibarua upande wetu. Sourav Ganguly alipiga 111 bila kutolewa, Sachin Tendulkar 83, na ijapokuwa nahodha wetu wa kuazima, Steve Tikolo, alipambana hadi 56, Kenya ilishindwa kwa mikimbio 91. Mzee alifurahi kwa adabu. Aliagiza chai na maandazi kwa wote, kisha akasema jambo ambalo sikulielewa kwa miaka mingi: kwamba sasa tutazame Kenya itacheza na nani mwaka ujao.

Haikucheza na watu wa maana kwa kiasi kilichostahili. Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Timu iliyofika nusu fainali ya dunia ilipaswa kualikwa na kutembelewa na mataifa makubwa mwaka baada ya mwaka, ili vijana waliokuwa nyuma ya Tikolo wazoee kasi ya warushaji wa Australia na hila za warushaji wa India. Badala yake mialiko ilikuwa ya kudonoa, migogoro ya uongozi na ya malipo ya wachezaji ikaingia, na mwaka 2004 Maurice Odumbe, mchezaji bora wa mechi ile ya Kombe la Dunia la 1996 pale Pune, India, ambayo Kenya iliwatoa wapigaji wote wa West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, kwa mikimbio 93 na kushinda, akafungiwa miaka 5 kwa kuhusishwa na fedha za wacheza kamari. Wapo wanaosema kwamba Kenya ilijiua yenyewe. Nakubali kwamba ilijijeruhi, na vibaya. Ila nimetazama bodi za mataifa makubwa zikigombana hadharani, zikidaiwa na wachezaji wao, zikiguswa na kashfa za kamari kubwa kuliko ile, na timu zao bado zikasimama, kwa sababu ratiba yao haikukatika. Mechi za miezi sita ijayo zilikuwa zimeshapangwa, na mechi huleta fedha, makocha na watoto wanaotaka kuwa kama fulani. Kenya haikuwa na mto huo wa kuegemea. Mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja za kimataifa, na kizazi kilichofuata kikawa kinaijua 2003 kwa kusimuliwa.

Mzee alikuwa na kumbukumbu ya zamani zaidi iliyomfanya aone mapema. Katika Kombe la Dunia la kwanza, 1975, Afrika Mashariki ilipeleka timu moja Uingereza, ya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, chini ya unahodha wa Harilal Shah. Watanzania Praful Mehta na Shiraz Sumar walikuwamo. Mechi tatu, vipigo vitatu. Katika ya kwanza Glenn Turner wa New Zealand peke yake alipiga 171 bila kutolewa. Mzee aliwataja wale Watanzania wawili kwa fahari, kisha akaongeza kwamba kosa halikuwa kushindwa mara tatu, bali kushindwa mara tatu na kisha kukaa muda mrefu mno bila kurudi tena kwenye jukwaa lile.

Afghanistan ndiyo iliyonithibitishia. Mwezi Oktoba 2008 Dar es Salaam iliandaa mashindano ya daraja la nne la dunia, na waliokuja walikuwa Afghanistan, Hong Kong, Italia, Jersey na Fiji, pamoja na sisi wenyeji. Daraja la nne! Waafghani, wengi wao vijana waliojifunza mchezo katika kambi za wakimbizi nchini Pakistan, walilitwaa kombe hilo, na miezi michache kabla ya hapo walikuwa wametokea daraja la tano. Mohammad Nabi alikuwa katika kikosi kile. Baada ya Dar es Salaam walikwenda Argentina wakapanda tena, 2010 wakawa katika Kombe la Dunia la ova 20, 2015 katika lile la ova 50, na mwezi Juni 2017 wakapewa uanachama kamili wa baraza la kriketi la dunia pamoja na Ireland. Mwaka 2023 waliwashinda Uingereza pale Delhi kwa mikimbio 69, na mwaka 2024, katika Kombe la Dunia la ova 20, Nabi akiwa bado uwanjani na Rashid Khan akiwa nahodha, waliwashinda New Zealand na Australia wakafika nusu fainali. Huko wapigaji wao wote walitolewa kwa mikimbio 56 tu na Afrika Kusini, na sikuona aibu yoyote katika hilo, kwa kuwa nilijua wataamka na mechi nyingine mbele yao.

Nawataja Waafghani hasa kwa sababu hawakuwa na lolote kati ya yale tunayoyataja sisi kama visingizio. Vita ilikuwa nyumbani kwao, na wageni waliwapokelea India na Falme za Kiarabu. Walichopata ni ngazi iliyoeleweka, kila daraja likiwa na mechi zinazofuata, nao walikuwa na njaa ya kuzicheza. Tena nisiwasifu nusu nusu: wanawake wa Afghanistan waliokuwa wamepewa mikataba mwaka 2020 walilazimika kuikimbia nchi baada ya 2021, na taifa lao halichezi kriketi ya wanawake hadi leo. Kila ninapowashangilia akina Rashid, nawakumbuka mabinti wale, na naona Australia ilikuwa na haki ya kulisema hilo wazi hata kama namna yake, ya kufuta mechi za wanaume, iliwanyima Waafghani kile kile kilichowainua.

Sasa niseme juu ya upinzani unaopendwa kuliko wote, India na Pakistan, ambao kwa maoni yangu unasifiwa kupita kiasi kwa namna unavyochezwa sasa. Sisemi kwamba hauna mechi kubwa. Tarehe 23 Oktoba 2022, Jumapili, mkesha wa Diwali, katika mechi ya Kombe la Dunia la ova 20 iliyoanza saa tano asubuhi kwa saa zetu, nilikuwa nyumbani kwa mtoto wa Mzee, Pakistan ikiwa imepiga 159 pale Melbourne na India ikiwa imepoteza wiketi 4 kwa mikimbio 31. Zilipobaki mipira 8 na mikimbio 28, Virat Kohli wa India alimpiga mrushaji Haris Rauf sita mbili mfululizo, yaani mipira iliyovuka mpaka bila kugusa chini, ya kwanza kwa mpira mfupi ambao mpigaji mwingine yeyote angeukwepa, akaunyoosha juu ya kichwa cha mrushaji kana kwamba alikuwa ameupanga mpira ule tangu asubuhi. Alimaliza na 82. Sijaona ufundi mkubwa zaidi chini ya presha ya namna ile.

Lakini mechi ile ilikuwa na upweke wake. Mataifa haya hayajacheza mechi ya Testi, zile za siku tano, tangu mwishoni mwa 2007, na hayajatembeleana kwa mfululizo wa mechi wa aina yoyote tangu Januari 2013. Yanakutana tu katika mashindano ya dunia au ya Asia, mara nyingi katika nchi ya tatu, na kwa hiyo kila mechi inabebeshwa uzito wa siasa ya miaka yote waliyokosa kukutana. Katika Kombe la Asia la 2025 walikutana mara tatu Dubai bila kupeana mikono, na India ilipotwaa ubingwa haikulipokea kombe kutoka kwa kiongozi wa Pakistan aliyepaswa kulitoa. Linganisheni na Chennai, Januari 1999: Pakistan ilishinda Testi kwa mikimbio 12, Tendulkar akiwa amepiga 136 akiwa na maumivu ya mgongo, Saqlain Mushtaq akiwa amechukua wiketi 5 katika kila zamu, na umati ule wa Wahindi, badala ya kuondoka kimya, ukasimama na kuwapigia makofi Wapakistani walipokuwa wakizunguka uwanja. Mzee, ambaye upande wake ulijulikana, aliisimulia siku ile kama mojawapo ya siku bora za mchezo. Umati wa namna ile hujengeka pale mgeni anapokuja nyumbani kwako, mkakaa naye wiki kadhaa, mkamjua kwa jina na kwa tabia. Uadui unaokutana Dubai kwa usiku mmoja haufundishi heshima ya aina hiyo, na ninasikitika kwa vijana wa nchi zote mbili waliokua bila kuishuhudia.

Anayetaka kuona tofauti ya mfululizo mrefu na autazame ule wa Uingereza na India wa kiangazi cha 2025, Testi tano, ambazo kwetu zilianza saa saba mchana na kunikuta nikiwa kazini, simu ikiwa imeegemezwa kwenye makopo ya rangi. Mtu niliyemfuatilia humo si mpigaji bali Mohammed Siraj, mrushaji wa kasi aliyecheza zote tano. Katika mechi ya tatu, pale uwanja wa Lord's, London, India ilihitaji 193, na Siraj alikuwa mpigaji wa mwisho akimsindikiza Ravindra Jadeja. Alizuia mpira baada ya mpira, mipira 30 kwa mikimbio 4, hadi mpira mmoja wa Shoaib Bashir alipouzuia vizuri kabisa, ukaanguka chini, ukazunguka taratibu kurudi nyuma na kuangusha kijiti. India ikashindwa kwa mikimbio 22 na Siraj akainama pale pale. Katika mechi ya tano, uwanja wa Oval, alidaka mpira wa Harry Brook, kisha mguu wake ukagusa kamba ya mpaka, ikawa sita, na Brook akaendelea hadi 111. Mtu mwingine angevunjika. Asubuhi ya siku ya mwisho, tarehe 4 Agosti, Uingereza ilihitaji mikimbio 35 tu ikiwa na wiketi 4, na Siraj yule yule ndiye aliyeinuka, akachukua 3 kati ya hizo, akimalizia kwa mpira uliozama miguuni na kukiondoa kijiti cha Gus Atkinson, huku Chris Woakes akiwa upande wa pili na mkono mmoja umefungwa ndani ya fulana kwa sababu bega lilikuwa limeteguka. India ilishinda kwa mikimbio 6, mfululizo ukaisha mbili kwa mbili, na Siraj akawa na wiketi 23.

Kama mfululizo ule ungekuwa wa mechi mbili, Siraj tusingemjua. Tungebaki na mechi mbili za mwanzo, kila upande ukiwa na moja, na mashabiki wakienda kulala. Na hivyo ndivyo mataifa yasiyo tajiri yanavyolazimishwa kucheza. Januari 2024 West Indies ilikwenda Australia kwa Testi mbili tu. Shamar Joseph alikuwa mgeni kabisa katika timu, kijana wa Baracara, kijiji cha Guyana kinachofikiwa kwa boti kupitia mto, aliyewahi kuwa mlinzi kabla ya kriketi kumlipa. Sisi wenye ndugu Ukara na visiwa vingine vya ziwa tunajua maana ya kuzaliwa mahali ambapo kila safari huanzia majini. Mpira wake wa kwanza katika Testi ulimtoa Steve Smith. Pale Brisbane, kidole chake cha mguu kikiwa kimeumizwa na mpira wa Mitchell Starc siku iliyotangulia, alirudi uwanjani akachukua wiketi 7 kwa mikimbio 68, na West Indies ikashinda kwa mikimbio 8, ushindi wao wa kwanza wa Testi katika ardhi ya Australia tangu 1997. Mfululizo ukawa moja kwa moja. Dunia nzima ilitaka kuona mechi ya tatu, na mechi ya tatu haikuwepo. Mwezi huo huo India na Afrika Kusini nao walimaliza moja kwa moja katika mfululizo wa mechi mbili. Naona huu ni ubadhirifu wa vipaji, na nauona mbaya zaidi kwa kuwa unafanywa na watu wanaojua wanachokifanya: Uingereza, Australia na India hujitengea mechi tano tano wao kwa wao, na wengine wanagawiwa kinachobaki.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari huko Nyegezi, hunipinga kwa mfano wa Afrika Kusini, na mfano wake una nguvu. Afrika Kusini ilicheza Testi chache kuliko wakubwa, mechi 12 katika mzunguko wote wa kuwania ubingwa wa Testi, na bado Juni 2025 iliwashinda Australia pale Lord's na kuwa bingwa wa dunia wa Testi. Aiden Markram alipiga 136, Temba Bavuma, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa kudumu wa timu ile, alipiga 66 akichechemea kwa msuli uliovutika, na jeraha la miaka mingi, tangu sare ya nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1999 hadi fainali ya lile la ova 20 pale Barbados 2024 waliyohitaji mikimbio 30 kwa mipira 30 na kuikosa, likafungwa. Jibu langu kwa mwalimu ni kwamba Afrika Kusini ina shule, viwanja na ligi zilizojengwa kwa zaidi ya karne, na inaweza kuishi kwa muda kwa akiba hiyo. Sisi wa huku hatuna akiba. Kwetu mechi yenyewe ndiyo shule.

Uganda imelielewa hilo. Tangu Januari 2019, baraza la kriketi la dunia lilipozipa timu za wanaume za nchi zote wanachama hadhi rasmi katika mechi za ova 20, Uganda imecheza kwa wingi wa kushangaza, nyingi zikiwa dhidi ya majirani, tukiwemo sisi na Rwanda. Kuna wakati niliziona mechi zile kuwa ndogo, uwanja una watazamaji wa kuhesabika, alama za chini. Kisha Novemba 2023, nchini Namibia, Uganda ikaishinda Zimbabwe, taifa lenye uanachama kamili, na kufuzu Kombe la Dunia. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 2024 nilikesha kuwatazama wakicheza na Papua New Guinea huko Guyana. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, ambaye alianza kuichezea timu ya pamoja ya Afrika Mashariki na Kati akiwa bado kijana mdogo miaka ya 1990, alirusha ova 4, akatoa mikimbio 4, akachukua wiketi 2. Uganda ilihitaji 78, ikatetereka hadi kupoteza wiketi 5 kwa 26, na Riazat Ali Shah akaiokoa kwa 33 za subira. Siku chache baadaye West Indies iliwatoa kwa mikimbio 39. Wapo walioniandikia kunicheka. Niliwajibu kwamba timu iliyotolewa kwa 39 na West Indies katika Kombe la Dunia imefika mahali ambapo yangu haijafika.

Tanzania nayo inasogea, na inasogea kwa njia hiyo hiyo ya kukutana na majirani. Wanawake wetu walitwaa kombe la Kwibuka huko Kigali mwaka 2022, mashindano ya kila mwaka yanayowapa mechi nyingi ndani ya siku chache, na kwa maoni yangu wamekomaa mapema kuliko wanaume kwa sababu hiyo. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Habari hiyo haikupata nafasi kubwa katika vibanda umiza vya Kirumba, ambako king'amuzi hakigeuzwi kutoka kwenye soka hata kwa dakika tano, lakini mimi niliipokea kwa furaha isiyo ndogo kuliko ile ya ushindi wa Obuya.

Nimeiona kanuni hii pia kwa macho yangu, kwa kiwango cha chini kabisa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha watoto wa mtaani kwetu Pasiansi, kwa gongo lililochongwa na fundi seremala na mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu. Walipokuwa wakicheza wenyewe kwa wenyewe walibaki pale pale, mpigaji mmoja akitamba na wengine wakimwogopa. Walipopata wapinzani wa kudumu kutoka Kirumba, kila Jumamosi jioni, walianza kuulizana katikati ya wiki namna ya kumtoa yule binti wa Kirumba anayepiga kwa mkono wa kushoto, na mmoja wao, ambaye sikuwa nimemtarajia, akajifunza mwenyewe kurusha mpira unaopinda kumwendea miguuni. Alimtoa Jumamosi moja. Jumamosi iliyofuata binti alikuwa amepata dawa yake.

Kwa hiyo ninachokiomba kwa viongozi wa mchezo huu ni mashindano ya kila mwaka ya miji ya ziwa, tarehe zikijulikana mapema na zisiahirishwe: Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu, Jinja na Entebbe. Waganda wana viwanja vyao tayari, sisi tungeanza na kipande cha zege kilichotandikwa mkeka katika uwanja wowote wa shule wenye nafasi, kama sehemu nyingi duniani zilivyoanza. Basi la Kisumu kupitia Sirari huondoka Mwanza na kufika siku hiyo hiyo, na wazazi wa Pasiansi wameniambia wako tayari kuchangia nauli ya watoto likizo ya Juni, mradi nipate shule ya upande wa pili itakayowalaza na kukubali kuja kwetu Desemba.